Saa Sita

Mwaka jana nilikuwa na saa ishirini kwa wiki
katika shule hii ya matofali, mjini Lewiston, kando ya mto
ambao Januari huganda hadi ukanyamaza.
Mwaka huu nina sita.
Vibao vilifika ndani ya maboksi, kimoja kwa kila dawati.
Vinasema lugha tisini, na Kiswahili kimo,
Kiswahili kilichopigwa pasi, hakina hata kunyanzi moja.

Sitakisingizia kibao. Nimekaa nyuma ya Byamungu
nikakiona kikimfundisha sehemu.
Kwanza kilimkatia piza. Hakuelewa.
Kikakata chapati. Hakuelewa.
Kikagawa debe la mahindi, kikagawa shamba,
kikagawa kamba ya kufungia mbuzi,
na mara ya saba mtoto akasema "aa"
kwa sauti ya aliyeukuta ufunguo mfukoni mwake mwenyewe.
Mara ya saba! Mimi, Mungu anisamehe,
ningeguna mara ya tatu.

Ikaja barua ya kufungua shule baada ya sikukuu.
Mwalimu Thibodeau aliiandika kwa Kiingereza, akabonyeza,
ikatoka Kiswahili, ikaenda kwa wazazi bila kupita kwangu.
Siku hiyo haikuwa siku yangu.
*Shule itaanza saa nane.*

Saa nane! Mama Byamungu alijifunzia saa
kambini Nyarugusu, ambako jua likitoka
unaanza moja, kama mtu anayehesabu ndizi.
Akaamka, akafua, akapika, akamlisha mwanawe akashiba,
akamfunga skafu hadi puani,
wakapanda Mtaa wa Bartlett juu ya barafu, taratibu, mkono kwa mkono,
wakabisha mlango saa nane kamili
wenzake wakivaa makoti kurudi nyumbani.

Karani akatazama ukutani.
"Saa sita," akasema. "Amechelewa saa sita."
Mama hakujua Kiingereza, ila uso aliujua.
Akaitoa barua kifuani, akaikunjua,
akaweka kidole chini ya neno, hakukiondoa.

Nikaitwa kwa simu. Nilikuja na buti zisizofungwa kamba.
Nikawaeleza: sisi siku hatuianzi usiku wa manane, watu wamelala;
tunaianza na jua. Nane yenu ya asubuhi ni mbili yetu.
Kati yetu nanyi pana saa sita,
nazo hazirukwi kwa kubonyeza.
Mwalimu Thibodeau akashika shavu, akawa mwekundu.
Akamwomba mama radhi. Nikaibeba ile radhi, nikaifikisha nzima.
Kisha akakiandikia kibao kosa lake.
Kikajibu papo hapo: *Asante kwa kunisahihisha.*
"Kesho kitakumbuka?" akauliza Byamungu.
Hakuna aliyejua.
Nami nikawaza: nimemfunza kazi anayenipunguzia kazi,
wala hakuna fomu ya kudai ada hiyo.

Mtoto alikuwa anahesabu vidole ndani ya glavu.
"Sita kwa ishirini na nne," akasema, "ni robo.
Mmenipotezea robo ya siku."
Alimwambia karani kwa Kiingereza, mama kwa Kiswahili,
bila hata kunigeukia.
Kisha akakipangusa kibao vumbi kwa mkono wa koti,
kama anayemsamehe mwenzake wa dawati.
Mama akakitazama kibao, akanitazama mimi,
akaifunga skafu upya.

Jioni nikajaza karatasi ya mshahara.
Saa za wiki: sita.
Kalamu ikasita.
Nikaongeza: na robo.